Wimbo Ulioanza kwa Kikohozi

Maestro wetu wa kwaya, pale Kalundu, mtaa wa bandarini kando ya ziwa, aliogopa mambo mengi wala hakuona haya kuyataja: ziwa, wanajeshi, pikipiki zinazoteremka mlima bila breki, na mvua inayoanza bila upepo. Jambo moja tu aliliogopa kimyakimya, nalo ni betri mpya. Ukitaka kumuudhi, mletee betri mpya za redio yake ya kaseti. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, kisha hukuziona tena. Sisi tulisema ni ubahili, na tulicheka miaka mingi.

Sijui alizaliwa kijiji gani. Wengine walisema Runingu, wengine walisema ng'ambo. Mwenyewe, ukimuuliza, alijibu kwamba yeye ni mtu wa sauti ya tatu, basi.

Masikio yake yalikuwa adhabu. Alikuwa na diapason, kile kichuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hutoa noti moja tu, ile iitwayo la, leo na kesho na siku zote. Alikigonga gotini, akakisogeza sikioni, akainamisha kichwa, kisha akatugawia kila kundi noti yake ya kuanzia. Hakutoka nyumbani bila kile kichuma. Boti ya mizigo ikipiga honi bandarini, alisimama njiani kuipima honi kwa kichuma hicho, akatangaza kwamba honi ya leo imeshuka na lazima kapteni ameitengeneza vibaya. Wapagazi walimpita na magunia mabegani wakimwomba apishe. Aliwahi kumrudisha mama mmoja muuza mkate aite wateja tena, kwa sababu mwito wake wa jana ulikuwa bora. Yule mama alimwambia akanunue kwanza.

Na mwendo wa wimbo aliupima kwa mshipa wa mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake, na sijaiona kwa mwalimu mwingine yeyote. Baada ya kutugawia noti, aliweka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kiwiko cha kushoto, chini ya kiganja, pale mapigo yanaposikika, akafumba macho. Sisi tulingoja. Nyimbo za sifa ziliendana na moyo wa mtu anayetembea, alisema, nyimbo za toba na moyo wa mtu aliyeketi, na nyimbo za maziko na moyo wa mtu anayetaka kulala. Akipata anachokitaka, kidole chake kilianza kupiga hewani, nasi tukaingia.

Tabu ni kwamba moyo wenyewe ulikuwa wa mtu mwoga. Jumapili moja milio ya bunduki ilisikika upande wa milimani, mbali, pengine njia ya Bijombo, na kanisa zima likajifanya halijasikia. Maestro alishika kiwiko chake, akafumba macho, na wimbo wa Utukufu wa siku ile ukaisha kabla padri hajapata hata pumzi ya kutulia. Baada ya misa tulimwambia kwamba malaika wenyewe wameachwa nyuma. Hakucheka. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, akishikilia ukuta.

Lakini mtu huyo huyo, sisi tukikimbiza wimbo, alitugeukia kwa ukali. Alikuwa na neno lake ambalo sasa Kalundu nzima inalo, hata watoto wanaambiana wakila kwa pupa: "Nani anawafukuza? Wimbo haina miguu." Alilisema katika kila mazoezi. Siku mtaa wote ulipoanza kukimbilia Kavimvira, kila mtu na godoro lake, tulikuta Maestro ametutangulia mbali, kaseti ndani ya shati, ndara moja tu mguuni. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alimpigia kelele akimuuliza nani anamfukuza. Maestro alijibu bila kugeuka.

"Leo minye niko namuona."

Tulicheka tukikimbia. Sijui watu wengine wanakimbiaje, lakini sisi wa Kalundu tumekimbia mara nyingi mno kiasi kwamba lazima pawe na mtu wa kuchekwa. Aliporudi, baada ya hali kutulia, alianza mazoezi kwa maneno yale yale, wimbo hauna miguu, kana kwamba si yeye.

Hasira zake hazikulala. Akikufokea asubuhi, jioni utaona sahani ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, mlangoni kwako, imefunikwa kwa jani, bila neno. Nyumba nyingine mtaani zilijua kula vizuri kwa kukosea noti. Frateri mmoja, kijana anayesomea upadri, alikuja kututembelea, akasikiliza ule wimbo wetu wa maziko, akasema kwa upole tu kwamba ameushangaa: wanawake wa sauti ya kwanza wanaimba chini kama wanaume, nani aliupanga wimbo huu chini namna hii? Maestro akawaka. Alimwambia huyo frateri kwamba wimbo ni wa kaseti, na kaseti haibishani na mtu. Diapason ilimponyoka, ikaanguka sakafuni. Jioni ndagala zilifika alikolala frateri, na zilikuwa nyingi kuliko kawaida.

Sasa niuseme huo wimbo.

Kaseti iliachwa na padri mzee aliyerudi kwao, ndani ya boksi la vitu vya kugawa. Karatasi yake ilikuwa imelowa, haina jina. Maestro aliiweka kwenye redio, na zikatoka sauti za watu wanaoimba bila gitaa wala ngoma, makundi manne, yanapishana na kukutana tena. Haikuwa Kilatini. Padri mpya aliisikiliza, akasema pengine ni Kifaransa cha mababu wa Wafaransa, wimbo wa mamia ya miaka, hata wenyewe hawaelewi tena. Zilikuwa sauti nzito, za polepole, kama za wazee waliochoka. Maestro alizifuata noti kwa noti, akaandika do-re-mi ya kila kundi ubaoni, na maneno tukayashika kwa sikio tu. Soprano walilalamika kwamba ni chini. Mabesi walifurahi, maana kwa mara ya kwanza walikuwa na mahali pa kukaa.

Kabla ya sauti ya kwanza kuingia, kwenye kaseti ile mtu anakohoa. Ni kikohozi kizito cha mzee, kisha kimya kidogo, kisha wimbo. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa mpagazi bandarini na mwenye besi nzuri kuliko wote, ndiye aliyeanza utani wake. Siku ya mazoezi, Maestro akiwa amefumba macho na vidole viko kiwikoni, kaka akakohoa vile vile kama mzee wa kaseti. Tulianguka kwa kicheko. Maestro alimfukuza nje, na jioni ndagala zikaja nyumbani kwetu. Mazoezi yaliyofuata kaka akakohoa tena, na safari hii Maestro akaanza naye, kwa sababu, alisema, angalau huyu anajua wimbo unaanzia wapi.

Wimbo ulikuwa haujakomaa bado kaka alipopanda boti ya kwenda Baraka na magunia ya tajiri mmoja. Boti ilipinduka. Ziwa lilimrudisha baada ya siku chache, na watu wa pwani mnajua maana yake, tulimzika siku hiyo hiyo. Kwaya ilisimama kaburini. Maestro aligawa noti za ule wimbo, wimbo wa kaka, akashika kiwiko chake. Tukangoja. Pale penye kikohozi palikuwa patupu, na hakuna aliyethubutu kuanza. Mama yangu alikuwa anatazama udongo. Kisha Maestro mwenyewe, bila kufumbua macho, akakohoa.

Tangu siku ile Kalundu inazikwa kwa wimbo huo. Mtu wa besi hukohoa, kisha tunaingia polepole, chini, na watu wanalia vizuri. Wageni hudhani kikohozi ni cha bahati mbaya. Wenyeji, kisipokuwepo, wanaona mtu wao hakuzikwa sawasawa.

Miaka imepita, na mimi nina cherehani yangu kule mtaa wa Mulongwe, na mpwa wangu anayekaa nami ana simu ambayo haiachi mkononi. Siku moja hivi karibuni nilikuwa nashona yunifomu, yeye anaangalia video za kwaya za huko nje, na nikasikia mtu anakohoa. Kilikuwa kikohozi chepesi, cha haraka, cha mwanamke. Sijui kwa nini mguu wangu uliacha kukanyaga. Kikafuata kimya kidogo, kisha zikaruka sauti za wanawake, juu, mbio, zinapokezana kama wasichana wanaorusha mpira, na noti ya kwanza ilipokwenda kwa ya pili nikajua ni wapi itakwenda ya tatu. Kila noti niliijua. Nilikuwa naiimba mimi, sauti ya pili, tangu ujana wangu.

Nilimwambia mpwa arudishe. Akarudisha. Nikamwambia apunguze mbio, na simu inaweza hilo, akapunguza, lakini sauti zilibaki kule kule juu, hazikushuka nazo. Ndipo nilipoelewa, maana nani katika nchi hii hajasikiliza redio ya kaseti inayokufa? Betri zikichoka, utepe unavuta miguu, na sauti zinazama pamoja na mwendo, mpaka msichana anakuwa mzee. Wazee wetu wa kaseti hawakuwahi kuwapo. Mpwa akasoma Kifaransa kilichoandikwa chini ya video: wimbo wa kale wa arusi, wa kuwatoa watu nje wacheze.

Nilikasirika. Nalisema wazi, kwa sababu sikujua nimkasirikie nani. Kaka yangu tulimzika kwa wimbo wa kucheza, tumeuvuta miguu kwa sababu ya betri, na Kalundu nzima nyuma yake. Kisha nikaogopa. Maestro alikuwa mgonjwa wa tension, presha ya damu, kwa muda mrefu, daktari alikuwa amemkataza chumvi na habari mbaya. Nikajiambia sitamwambia, afe na wimbo wake. Mpwa nikamkataza kuwaonyesha vijana wa kwaya ile video. Siku zikaenda hivyo, kila nikisikia mtu anakohoa sokoni moyo unashtuka.

Halafu mama akafa, na akafa katika wiki mbaya. Milio ilikuwa inatoka upande wa bonde la Ruzizi, watu walikuwa wanafunga vitu, wengine wameshavuka mpaka, na majirani waliniambia tumzike kesho asubuhi bila kuchelewa, maana keshokutwa hakuna ajuaye nani atakuwa wapi. Kwaya ilibaki na watu wachache. Waliniuliza jambo moja tu, kwa heshima, kama kawaida: wimbo ni ule? Nikawaambia wanisubiri kidogo. Mama alimzika mwanawe kwa wimbo ule. Nimzike naye kwa kosa lile lile, nikijua? Au nimnyime, nimweke ardhini bila wimbo wa mtaa wake wote, na watu waulize amekosa nini?

Nikaenda kwa Maestro mchana ule ule. Njiani watu walikuwa wanapita na magodoro, na nilitazamia kukuta mlango wake umefungwa. Ulikuwa wazi. Ziwa lilipopanda miaka ile lilimlia nusu ya ukuta, na tangu hapo vitu vyake vya maana vilining'inia darini ndani ya mifuko ya plastiki. Alikuwa ameketi kitandani, miguu imevimba. Nilimuuliza kwa nini hajakimbia. Alionyesha miguu, akasema safari hii wimbo na yeye ni sawasawa. Kisha alinipa pole ya mama, akalia kidogo bila kujificha.

Nilikuwa nimepanga kuuliza kwa kuzunguka. Sikuweza. Nikatoa simu ya mpwa, nikaiwasha, na kikohozi chepesi kikatoka, kisha wale wanawake. Nilimtazama uso kwa hofu. Nilikuwa tayari kuizima.

Hakushtuka. Alisikiliza mpaka mwisho, akagonga diapason gotini, akaiweka sikioni.

"Iko sawa," alisema. "Njo noti yake. Nilisikiaka mara moja tu."

Nikamuuliza lini.

"Nyuma ya kuzika kaka yako. Nilinunua pile mpya za redio, nikatia kaseti. Ikatoka mbio, juu, sawa watoto wanatoka masomo. Nikasikia haya, mwana wangu. Nikasema lazima niende kwa mama yake, nimuombe samahani, nimwambie tulimuzikia mutoto na wimbo ya arusi."

Alikwenda kweli. Alinieleza kwamba alifika nyumbani kwetu asubuhi, akiwa ameshayapanga maneno yake yote. Mama alikuwa uani anaanika ndagala. Hapo niseme kitu ambacho yeye alikijua nami nakijua: tangu boti ile mama hakuwa amesema neno na mtu yeyote, hata na mimi, na tulikuwa tumeanza kuogopa kwamba hatasema tena. Maestro alisimama nyuma ya ua. Akamsikia anaimba. Alikuwa anatandaza samaki kwa kiganja, polepole, na kwa kila mpapaso wa mkono alitoa noti moja ya ule wimbo, chini kabisa, ndani ya kifua.

"Minye ningemwambia nini?" alisema. "Nikarudi kwangu, nikatosha zile pile."

Basi ndiyo sababu ya kuzitoa betri mpya. Miaka yote ile tuliyomcheka ubahili wake, alikuwa anailinda kaseti ile isipate nguvu. Niliona aibu, na papo hapo nilitaka kucheka. Nikamwambia kwamba kumbe tumeimba kosa la redio maisha yetu yote. Alitikisa kichwa kwa ule ukali wake wa mazoezini.

"Weye unasikiliza mubaya. Redio ilikufaka zamani, na kila siku ilikuwa inashuka ingine. Ningeshika mwendo wapi? Ile munayoimba nilitoshaka pale uani. Iko mwendo ya mama yako."

Nje mlio mmoja ulipiga, karibu kuliko ya jana, na mtu akamwita mtoto wake kwa sauti kubwa. Maestro alifumba macho, akaweka vidole kiwikoni, kama alivyofanya siku zote. Alikaa hivyo. Kisha akafumbua macho, akatikisa kichwa, akasema moyo wake haufai tena, unakimbia hata akiwa amelala. Akaomba mkono wangu.

Nikampa. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alitafuta mshipa, akaupata, akainamisha kichwa kuusikiliza kama anavyoisikiliza diapason.

"Wako unakimbia kupita wangu," alisema. "Kesho utaimba namna gani? Tungojee."

Tukangoja. Watu walipita nje na mizigo yao, hatukuwatazama. Nilifikiria kiganja cha mama juu ya ndagala, kinakwenda na kurudi, na sikumbuki ilichukua muda gani. Ila nilisikia mapigo yangu mwenyewe chini ya vidole vyake yakianza kushuka, na kushuka tena, mpaka kidole chake cha mkono mwingine kikainuka na kuanza kupiga hewani.

Kisha Maestro akakohoa.